Mwalimu, shule yetu iko chini ya wastani wa taifa: tumwondoe mwalimu mkuu?

Mwalimu mstaafu anajibu barua za wasomaji kutoka Tukuyu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku milimani Uporoto. Mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2024 watoto wetu 24 walifanya, wakafaulu 17, yaani asilimia 71. Taifa ni asilimia 80.87. Mwaka wa nyuma yake tulikuwa na asilimia 88. Kwenye mkutano wa kijiji tulisomewa namba hizi, tukaambiwa shule imeporomoka na imeachwa na taifa kwa asilimia kumi. Wazazi wamechachamaa, wanataka kamati iandike barua mwalimu mkuu ahamishwe. Yeye aliripoti kwetu Julai 2022. Mwaka huohuo mwalimu wa Kiingereza alihama na hatujaletewa mwingine. Nimeambatanisha matokeo ya miaka mitano pamoja na karatasi yenyewe ya 2024. Je, nitie saini?
Mjumbe wa kamati, Uporoto

JIBU: Marahaba, baba. Usitie saini kwanza. Bahasha yako niliifungua jioni nikiwa jikoni, nikaiacha chai ipoe nikatafuta penseli, kwa sababu ni wasomaji wachache wanaonitumia karatasi yenyewe. Wengi hunitumia asilimia na hasira tu. Wewe umenipa majina ishirini na manne, na nimekaa nayo siku mbili.

Tuanze na hiyo asilimia kumi iliyowachoma. Asilimia kumi ya watoto 24 ni kama watoto wawili na nusu. Wangefaulu watatu zaidi mngekuwa na 20 kati ya 24, asilimia 83, na mkutano uleule ungepiga vigelegele kwamba mmelipita taifa. Hasira ya kijiji kizima imebebwa na watoto watatu. Shuleni kwenu kila mtoto ana uzito wa asilimia nne na ushee. Mmoja akiamka na homa siku ya mtihani, shule nzima imeshuka.

Taifa haliendi hivyo. Nchi nzima wanaofanya mtihani ule ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Asilimia za taifa kuanzia 2020 hadi 2024 ni 82.68, 81.97, 79.62, 80.58, 80.87. Unaona zilivyotulia? Mwaga debe la maji Ziwa Nyasa, pale Matema hakuna atakayejua. Mwaga debe hilohilo kwenye beseni la kufulia, sakafu yote imelowa. Nyinyi ni beseni, baba, na hilo si kosa la mtu.

Sasa tazama zenu kwa miaka hiyohiyo: 15 kati ya 21, 19 kati ya 26, 14 kati ya 19, 22 kati ya 25, 17 kati ya 24. Kwa asilimia ni 71, 73, 74, 88, 71. Hakuna kilichoporomoka hapo. Mwaka 2023 lilipita darasa zuri, labda lenye watoto watano sita wenye bidii ya pekee, kisha mkarudi mlipokuwa. Mngesomewa miaka yote mitano badala ya miwili, mkutano ungekuwa na sauti nyingine.

Lakini sikuandiki barua ya kukufariji. Nimejumlisha: miaka mitano watoto 115, waliofaulu 87, asilimia 76. Taifa kwa miaka hiyo linazunguka kwenye 81. Hiyo pointi tano ni ya kweli, haitoki kwa homa ya mtoto mmoja, na ilikuwepo kabla mwalimu mkuu wenu hajashuka na begi lake. Hilo ndilo la kuzungumza.

Nikarudi kwenye karatasi, nikaacha safu ya mwisho ya daraja la jumla, ile ambayo kila mtu huikimbilia, nikashuka na penseli somo kwa somo. Kiswahili: watoto 21 wana C au zaidi. Maarifa ya Jamii 18. Hisabati 10. Kiingereza watano. Watoto watano kati ya 24! Kumi na mmoja wana D na wanane wana E. Ni kweli Kiingereza kinaangusha watoto nchi nzima, na Kiswahili ndicho kinachowabeba, hivyo kwenye mpangilio huo hamko peke yenu. Ila watoto hawa wamesoma la tano nusu yake, la sita na la saba bila mwalimu wa somo. Kwenye mtihani wa masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300, mtoto anafaulu akianzia alama 121. Aliyepata alama saba za Kiingereza inabidi azitafute nyingine 114 kwenye masomo matano. Nimewatazama wale saba wenu ambao hawakufaulu: wote wana daraja D kwa jumla, hakuna hata mmoja mwenye E, na kati yao sita wana E kwenye Kiingereza.

D kwa jumla ni alama 61 hadi 120. Mwenye 120 na mwenye 61 wote wameandikwa herufi ileile, na karatasi ya matokeo haionyeshi alama. Mwombeni mwalimu mkuu alama zao za moko, ule mtihani wa kujipima kabla ya ule wa taifa, na za majaribio ya mwezi, anazo ofisini. Nina hakika wawili watatu kati yao mtawakuta ukingoni kabisa.

Kwa hiyo barua iandikeni, tena kwa mwandiko mzuri na mhuri wa kamati, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa afisa elimu kata. Iseme hivi: shule haina mwalimu wa Kiingereza tangu 2022, haya ndiyo matokeo ya somo hilo kwa miaka mitatu, tunaomba mwalimu. Mwalimu mkuu naye atie saini. Mkimwondoa yeye, mnabaki hamna mkuu na hamna Kiingereza.

Kuna jambo la pili, baba, na hili naliomba kwa moyo wote. Kabla ya mkutano ujao, fungueni kitabu cha uandikishaji cha mwaka 2018. Watoto waliofanya mtihani 2024 waliingia la kwanza mwaka huo. Hesabuni walikuwa wangapi, kisha mtie alama mbele ya kila jina: huyu kahama na barua ipo, huyu alirudia darasa la nne, huyu kafariki, huyu yuko wapi. Asilimia ya ufaulu hukokotolewa kwa waliokaa kwenye chumba cha mtihani tu. Mtoto aliyepotelea kwenye mashamba ya viazi akiwa la tano hayumo. Hashushi wastani. Haonekani.

Nalisema hili kwa sababu nilikuwepo. Miaka mingi iliyopita nilifundisha shule moja, jina lake nalihifadhi, na mwezi Agosti tulikaa kikao cha walimu na orodha ya darasa la saba mezani. Mkuu wetu wa wakati huo alipitisha kalamu kwenye majina manne. Hakufuta kitu. Alisema tu kwamba wazazi wa hawa wanne "washauriwe". Nilijua maana yake na sikusema neno. Mmoja alikuwa binti aliyekuwa akikaa dawati la mbele kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu, akiandika mistari mikubwa inayopanda juu kama njia ya kwenda Rungwe. Siku ya mtihani nilimwona kwa dirisha la basi, yuko kwenye chai, kikapu mgongoni, anachuma. Mwaka ule tulipata asilimia 94, tukapewa mbuzi na cheti. Nyama ya yule mbuzi nililetewa nyumbani nikaigawa kwa majirani, sikuweza kuionja. Shule iliyompeleka kila mtoto wake mtihanini ikapata asilimia 71 ina heshima kwangu kuliko ile yetu ya 94.

Na wale wanaosema "wastani wa taifa" kana kwamba ni rula ya chuma, wakumbusheni mwaka 2012. Mwaka ule taifa zima lilifaulu asilimia 30.72. Mwaka 2013 likapanda hadi 50.61. Shule yenye asilimia 40 mwaka 2012 ilikuwa juu ya taifa, na shule hiyohiyo, kwa watoto wa kiwango kilekile, ingekuwa chini ya taifa mwaka uliofuata. Wastani unakuonyesha umesimama wapi kwenye foleni. Kama mtoto wako anaweza kusoma barua ya hospitali na kupiga hesabu ya gunia la viazi bila kupunjwa na dalali, hilo utalijua kwa kumketisha mwenyewe.

SWALI: Mwalimu, habari za siku. Naishi Uyole, Mbeya mjini. Shule anayosoma binti yangu, darasa la nne walifaulu 52 kati ya 54, asilimia 96. Lakini darasa la saba mwaka huohuo ni 37 kati ya 50, asilimia 74. Ina maana walimu wa madarasa ya juu wamelala? Jirani ana watoto kwenye shule ya binafsi iliyofaulisha asilimia mia, ananishauri nimhamishe. Binti amepata D kwenye upimaji wa darasa la nne, nimeambiwa amefaulu.
Mama wa Uyole

JIBU: Salama, mama. Hizi ni asilimia mbili zenye jina moja na maana mbili, na zimewachanganya wazazi wengi kuliko wewe. Kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, aliyefaulu ni mwenye A, B, C au D. Kwenye mtihani wa darasa la saba ni A, B na C tu. Ukisikia taifa limefaulu asilimia 83.34 kwenye upimaji wa la nne wa mwaka 2023, ndani yake D zimo. Ile 80.58 ya darasa la saba mwaka huo D hazimo.

Karatasi uliyonipigia picha inaonyesha la nne wenu wana D 17. Zitoe. Wanabaki 35 kati ya 54, asilimia 65. Kwa kipimo kimoja, la saba wenu wako juu, siyo chini. Hata hivyo hao ni watoto tofauti, kwa hiyo usiwahukumu walimu kwa hilo pia. Ukitaka kuwajua walimu wa madarasa ya juu, waombe matokeo ya la nne ya miaka mitatu nyuma, ya wale waliomaliza la saba sasa hivi. Mtoto mmojammoja: aliingia la tano na nini, ametoka na nini. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha haki kuliko vyote, na sijui kwa nini hakibandikwi kwenye mbao za matangazo.

Kuhusu asilimia mia ya jirani, uliza mambo mawili. Watoto wangapi waliingia la kwanza na wangapi wakamaliza? Na je, kuna usaili wa kuingia? Shule inayochagua watoto kwa mtihani, na kuwarudisha nyumbani wasiofika alama fulani, imefanya kazi ya kuchagua. Kufundisha ni kazi nyingine. Zipo shule za binafsi zinazofundisha kwelikweli, na nimewahi kumsifu mwalimu wa mojawapo mbele ya wenzangu. Lakini hutajua kwa kutazama namba 100 ukutani. Hata Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya shule kubandika nafasi zao kwenye mabasi na mageti.

Sasa binti. D ni ufaulu kwa herufi tu, mama. Asikudanganye mtu. Jioni ya leo, mpe kitabu chake cha Maarifa ya Jamii, asome aya moja kwa sauti, kisha afunge kitabu akusimulie alichosoma kwa maneno yake. Akisoma kwa kukwama neno kwa neno, tatizo ni kusoma kwenyewe, na hilo litamfuata kwenye masomo yote sita, uwe umemhamisha au hukumhamisha. Dakika ishirini kila jioni, na wewe umeketi, simu iko chumba kingine. Akisoma vizuri akashindwa kusimulia, nenda kaonane na mwalimu wake wa darasa ukiwa na daftari mkononi. Ada ya kuhama itunze mpaka ulijue jibu hilo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ni mwalimu kijana, nimeajiriwa mwaka jana, niko Mufindi, nafundisha Hisabati la tano hadi la saba. Shule yetu watoto 41 walifanya mtihani, tisa ndio waliofaulu Hisabati. Naambiwa taifa ni karibu nusu. Kila nikisikia neno wastani wa kitaifa natamani kuacha kazi. Nianzie wapi?
Mwalimu wa Hisabati, Mufindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao tisa hukuwafundisha wewe peke yako, na wale 32 hukuwapoteza wewe. Umewapokea wakiwa na miaka minne ya mashimo. Weka taifa pembeni kwa sasa, nitakurudisha kwake mwishoni.

Anza na madaftari. Chukua ya la sita, yote, ukae nayo Jumamosi. Usitafute vema na kosa, tafuta kosa linalojirudia. Nakupa moja ambalo nina hakika utalikuta, maana nimelikuta kila shule niliyofundisha, kuanzia Kyela kwenye joto mpaka huko Mufindi kwenye ukungu: nusu jumlisha theluthi moja, mtoto anaandika 2/5. Amejumlisha kiasi (namba ya juu) na kiasi, asili (namba ya chini) na asili. Ukimwandikia kosa na kumwambia atafute KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika), atajifunza kanuni ya leo na kuisahau keshokutwa, kwa sababu haoni ubaya wa 2/5.

Hapo Mufindi mianzi mnayo. Kata kijiti cha mwanzi cha sentimita 30 kamili, umpe mtoto na rula. Mwambie aweke alama ya nusu: sentimita 15. Theluthi: sentimita 10. Aunganishe: 25. Kisha mwambie apime mbili ya tano ya kijiti hichohicho. Atahesabu, atapata 12. Hapo nyamaza. Usimsaidie. Mwache atazame: alianza na 15, akaongeza, akapata 12. Nilimwona mtoto mmoja akigeuza kijiti upande wa pili akapima tena, akidhani rula imekosea. Halafu akacheka, akasema, "Mwalimu, nimejumlisha ikapungua!" Yule hakurudia kosa lile. Baadaye ndiyo unamwonyesha kwamba 25 kati ya 30 ni tano ya sita, na KDS ni njia tu ya kufika pale bila kijiti.

Fahamu pia mtihani unavyomtega. Hisabati ina maswali 45. Arobaini ni ya kuchagua jibu, matano mtoto anaonyesha njia. Kwenye yale ya kuchagua, 2/5 yako inaweza kuwa imekaa pale kwenye orodha ya majibu ikimsubiri. Mtoto anaichagua akiwa na furaha. Kwa hiyo ukisahihisha majaribio yako, andika kwenye daftari lako mtoto amechagua jibu lipi lisilo sahihi. Herufi ile inakuambia alivyofikiri. Wakichagua B ishirini kwa pamoja, una somo la kesho. Wakitawanyika A mpaka E, walikuwa wanabahatisha, na hapo urudi nyuma zaidi, pengine mpaka jedwali la kuzidisha.

Watoto wako wengi nyumbani wanaongea Kihehe, au Kibena ukielekea upande wa Njombe. Neno "asili" wanalijua kama dawa za asili, "kiasi" kama kiasi cha chumvi. Usione aibu kutumia kipindi kizima kwa maneno haya mawili. Na wakati wa baridi, Juni na Julai, wapange vipindi vya Hisabati baada ya uji kama shule inapika. Vidole vilivyoganda havishiki rula.

Kuhusu kipimo chako: wiki ya kwanza ya muhula tunga maswali kumi mepesi, mawili ya sehemu, mawili ya kugawanya, moja la saa, moja la fedha, na mengine unavyoona. Wafanye la tano, la sita na la saba, maswali yaleyale. Usiwape majibu, kusanya karatasi uzifungie kabatini. Kabla ya likizo ya Juni wape tena. Mzazi akikuuliza habari za taifa, mwonyeshe karatasi mbili za mwanawe, ya Januari na ya Juni, zimekaa pamoja mezani. Taifa utalipima miaka mitatu ijayo, watoto wako wa la tano wa sasa watakapokuwa wamepita mikononi mwako tangu mwanzo.

Niandikie likizo ikianza, mwanangu. Unitajie swali la sehemu peke yake: Januari walipata wangapi, Juni wangapi. Na kijiti kimoja cha mwanzi nitumie na barua, wajukuu wangu wako la tano.